Ngoma haivai sare: maoni juu ya mashindano ya ngoma zetu, pamoja na mashauri kwa wachezaji na walimu

Wazee wetu walisema kwamba ngoma ikilia sana, iko karibu kupasuka. Nimekumbuka neno hilo siku moja pale Bunia, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, mbele yangu makundi ya ngoma yanashindana. Kulikuwa na bafle kubwa mbili, mikro, meza ya waamuzi yenye kitambaa cheupe, na makundi tisa. Karibu yote yalivaa vikwembe vipya vya namna moja.

Kundi la saba lilikuwa la vijana na mama waliokimbia kutoka upande wa Djugu. Hawakuwa na sare. Ngoma zao mbili zilikuwa makopo ya mafuta yaliyofunikwa kwa kipande cha bashi, yale mashiti ya kufunika vibanda vya wadeplase. Lakini walipoanza kuimba, mzee aliyeketi karibu yangu akasimama. Mama wawili waliokuwa wakiuza maandazi wakaacha mabeseni yao, wakaingia kucheza. Mwanamke aliyeongoza wimbo hakutazama waamuzi hata kidogo. Alitazama miguu ya wenzake. Nilijisemea moyoni: hawa wameshinda.

Matokeo yakasomwa, nao walikuwa wa nane. Waliokuwa wa kwanza ni kundi lililogeuka kushoto na kulia kama askari kwenye gwaride, wote kwa wakati mmoja, na mwisho wakafungua kitambaa chenye maneno ya amani. Niliuliza mwamuzi mmoja, kijana ninayemheshimu, juu ya nini. Akanijibu: «Papa, wale wa saba hawakuwa na sare, na walikuwa wanaingiza watu wa nje.» Watu wa nje! Yaani ile mama wa maandazi, ambaye ngoma ilimwita akaitika, ndiye alipunguzia kundi alama.

Ndiyo sababu ninaandika. Sitaki kugombana na mtu, wala sitataja jina la waliotayarisha siku ile. Ninataka tuulizane swali moja: tunapopima ngoma zetu, tunapima kitu gani? Maana kile kinachopewa zawadi leo ndicho watoto watafundishwa kesho.

Mistari ilitoka wapi?

Vijana wengi wanadhani kwamba kucheza kwa mistari, wote na nguo moja, uso kwa wakubwa, ndiyo desturi ya mababu. Hapana. Ngoma nyingi za kwetu zilichezwa kwa duara, wapigaji wakiwa katikati ama pembeni, na mtu aliingia na kutoka kadiri ya nguvu zake. Duara haina mbele. Mtazamaji alikuwa mchezaji aliyepumzika.

Mistari tuliipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani: mwisho wa karne ya 19, kwenye pwani ya Kenya, vijana walianza ngoma iliyoitwa beni, wakiiga bendi za askari wa Wazungu, na vyeo, na sare, na mwendo wa gwaride. Wakati wa vita ya 1914-1918, askari na wapagazi waliichukua mbali sana, na baadaye ikafika hata hapa Kongo kwenye miji ya migodi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Beni ilikuwa ngoma ya mashindano kabisa: kundi hili lapigana na lile kwa uzuri wa mavazi na ukali wa mwendo. Basi, sare katika mashindano ina historia yake, na siyo ya aibu.

Njia ya pili wazee wa umri wangu wanaijua vizuri. Miaka ya 1970, baada ya Mobutu kutembelea Uchina na Korea ya Kaskazini, ilianza ile animasio ya chama cha MPR. Kila zone, kila ofisi, kila shule ilikuwa na kundi lake. Tulicheza ngoma za kwetu, lakini maneno yalibadilishwa kuwa sifa za mtu mmoja. Vikwembe vilikuwa na picha yake. Mistari ilinyooshwa ili aliyeketi jukwaani aone vizuri. Tarehe 24 aprili 1990 chama kimoja kilikwisha. Wimbo wa sifa tuliuacha siku ile, lakini mistari na kikwembe cha namna moja na uso wa kutazama wakubwa vilibaki, na leo tunavipa alama tukiviita «utamaduni».

Sisemi tuchome sare. Ninasema tujue ilitoka wapi, ili tusiipe cheo kuliko mguu na sauti.

Wenzetu wanapima namna gani?

Kuna wenzetu Wasukuma, kule Tanzania, kusini mwa ziwa Victoria. Wao wana makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanayoshindana tangu karne ya 19, na waanzilishi wao wanajulikana: Ngika na Gumha. Kisha mavuno, makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Mwamuzi ni watu wenyewe: yule aliyevuta kundi kubwa la watazamaji ndiye mshindi. Ndiyo maana wachezaji wao wanatafuta kila mbinu ya kuvuta macho: wengine wanacheza na nyoka, wengine wanarusha na kuzungusha majembe, ile ngoma inayoitwa bugobogobo. Pale Bujora, karibu na Mwanza, wako na nyumba ya kumbukumbu ya mambo hayo, na kila mwaka sherehe ya Bulabo inafanyika.

Ubaya uko pia. Anayetafuta kuvuta watu tu anaweza kugeuza ngoma kuwa kiini-macho. Lakini tazameni tofauti: kwao, mama wa maandazi akihama kuja kwako, umepata alama. Kwetu umepoteza.

Sasa nije kwenye mashauri yenyewe, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi ya mvivu.

Kwanza: ngoma yenyewe

Sehemu kubwa ya makosa niliyoyasikia siku ile yalikuwa ya ngozi. Ngoma inalala, sauti inakuwa kama mtu anapiga godoro, na wachezaji wanachelewa. Sababu ni hali ya hewa. Ngozi inakunywa maji ya hewani: kukiwa baridi na unyevu inalegea, kukiwa joto kavu inakaza. Na nchi yetu ni ya kupanda na kushuka. Ziwa Albert liko karibu metre 620 juu ya bahari. Bunia inapita metre 1.200, kule Rethy ni zaidi sana, na asubuhi kuna ukungu. Ngoma iliyolia vizuri Tchomia mchana haitalia vile vile Rethy saa moja ya asubuhi. Si uchawi, ni ngozi.

Kwa hiyo, fikeni mapema. Washeni moto wa majani makavu ama vijiti, siyo wa mipira ya gari. Simamisheni ngoma karibu hatua moja kutoka motoni, mkiigeuza-geuza, na kuipiga kidogo kidogo mpaka ijibu. Ukiikaribiza sana, ngozi itapasuka pembeni, na hapo hakuna dawa. Msiiache juani muda wote mkingojea zamu: itakaza kupita kiasi, na ikiingia kivulini italegea katikati ya mchezo. Ifunikeni kwa kikwembe.

Ngozi ya mbuzi ni nyepesi, inafaa ngoma ndogo yenye sauti ya juu. Ya ng'ombe ni nzito, inafaa ngoma mama. Taabu yetu ni kwamba mbuzi tunamchoma manyoya na kumla pamoja na ngozi yake. Basi mwambieni mchinjaji siku chache mbele akuwekeeni ngozi nzima isiyotobolewa. Nyumbani, tundikeni ngoma juu, mbali na mchwa na panya.

Na wale wasio na ngoma ya mti? Sitawacheka. Waliokimbia usiku walibeba watoto, siyo ngoma. Lakini shauri langu ni hili: kopo la bati lenye ngozi ya kweli ya mbuzi ni bora mara nyingi kuliko lenye bashi. Bashi haina pumzi, inapiga kelele moja tu, na mkono hauwezi kuitolea sauti mbili. Ngozi moja ikipatikana, wekeni kwenye ile ngoma inayoongoza, zingine zifuate na bashi.

Pili: miguu

Njuga zinapendeza, lakini nimeona watoto wenye vidonda vya mguu mpaka wiki mbili. Njuga isikae juu ya mfupa. Ifungwe juu kidogo ya kifundo, na chini yake kitambaa laini kikunjwe mara mbili. Fungeni mara ya kwanza polepole, chezeni kidogo, kisha kazeni, maana mguu ukipata moto unabadilika. Wanaotumia vifuniko vya chupa wavigonge kwa nyundo na kuondoa makali yote kwa jiwe.

Sisi tuko na bahati: Wando-Okebo ni watu wanaojulikana tangu zamani kwa kazi ya chuma, na majirani wote waliwahitaji kwa majembe na mikuki. Mahali ambapo mhunzi bado yuko, kundi limwendee kabla ya kwenda kununua vitu vyepesi sokoni. Njuga ya chuma iliyofuliwa vizuri inapita miaka ishirini, na sauti yake haifanani na bati.

Kuhusu mahali pa kuchezea: ngoma zetu zilizaliwa kwenye udongo. Udongo unapokea mguu na kuurudishia sauti. Saruji inarudishia maumivu ya goti. Jukwaa la mbao linabeba misumari. Mwalimu atembee juu yake peku yeye kwanza, kabla ya watoto. Kama inawezekana, ombeni kucheza chini, mbele ya jukwaa. Wakubwa watasimama kidogo ili waone, haitawaua.

Na kabla ya kucheza, wachezaji wapashe mwili moto. Kule milimani baridi inakaza nyama za mguu. Imbeni wimbo mmoja polepole mkitembea kwa duara, ndivyo wazee walivyofanya bila kuita jina lake.

Tatu: mavazi na rangi

Nguo ni lugha, sikatai. Lakini iwe lugha ya kweli. Ngozi ya chui na ya okapi zinalindwa na sheria. Anayezivaa jukwaani anajitafutia taabu na anawatafutia wanyama kifo. Kitambaa kilichopakwa madoa kinatosha, na kila mtu anaelewa.

Jambo la hatari zaidi ni zile nyuzi za mifuko ya nailoni tunazochambua kuwa sketi, mahali pa majani. Zinang'aa, ni rahisi, hazinyauki. Lakini zinashika moto haraka sana, na nailoni iliyoyeyuka inashikana na ngozi ya mtu. Sasa fikirini: mtoto mwenye sketi ya nailoni anasimama karibu na ule moto wa kupashia ngoma. Basi, wanaovaa nailoni wasikaribie moto hata kidogo. Mtu mzima mmoja tu, mwenye nguo ya kawaida, ashughulike na ngoma.

Kwa uso, udongo mweupe wa pemba ni mzuri, unatoka kwa maji. Makaa yaliyosagwa na mafuta kidogo yanafaa kwa nyeusi. Lakini ule unga mweusi wa mawe ya tochi ni sumu. Wakufunzi wengine wanawapaka watoto mpaka karibu na macho na midomo! Mwacheni jambo hilo leo.

Na neno moja juu ya wasichana wetu. Nimeona wakivalishwa nguo fupi kupita, wakiambiwa ndivyo mababu walivyovaa. Kisha mpiga picha anainama. Mababu walicheza mbele ya shangazi na wajomba. Mbele ya simu za watu wasiojulikana ni jambo lingine. Mwalimu amuulize mama ya mtoto, na amuulize mtoto mwenyewe.

Nne: kwa walimu

Hapa ndipo moyo wangu unauma zaidi. Siku hizi repetisio zinafanywa kwa filimbi na kuhesabu: «un, deux, trois, quatre». Ngoma zetu nyingi hazihesabiki hivyo. Mkono mmoja unakwenda kwa tatu, mwingine kwa mbili, na mguu unachagua mahali pa kukutana. Ukimfundisha mtoto kuhesabu nne, utamkata masikio. Atageuka kwa wakati, lakini hatasikia.

Mzee mmoja mpigaji, ambaye sasa ni marehemu, aliniambia: «Mutoto yangu, ngoma habachezake na manguo, wala na hesabu. Banachezaka na masikio.» Basi utaratibu wake ulikuwa huu, nami ninautoa kama nilivyoupokea. Kwanza wimbo, kwa kuketi, mpaka maneno yajulikane na maana yake. Pili makofi. Tatu kutembea. Mguu wa ngoma unakuja wa nne. Nguo za mwisho kabisa.

Waalur, jirani zetu wa Mahagi na wengine walioko humu humu Djugu, wana ngoma ya agwara, inayopigwa kwa pembe ndefu. Kila pembe ina sauti yake, na wimbo unatokea kwa kupokezana. Mmoja akikosa, wimbo una shimo, na kila mtu anasikia shimo lile. Ninapenda walimu wote wafikiri kama wapiga agwara: msifundishe mtoto mmoja hodari na wengine ishirini wa kumjazia nyuma. Kila mmoja awe na kazi ambayo ikikosekana itasikika.

Jambo jingine ni la jina. Kwenye mashindano ninasikia: «Sasa tunatazama ngoma ya kiasili ya Ituri.» Ngoma ya Ituri ni gani? Kuna ya Walendu, ya Wahema, ya Wanyali, ya Wamambisa, ya Wandoo, ya Waalur, ya Wabira. Ninajua kwa nini tunaficha majina. Baada ya vita ya 1999 mpaka 2003, na tena tangu desemba 2017, kutaja kabila kumekuwa kama kushika kisu. Lakini kuficha jina hakuleti amani. Kunaleta ngoma isiyo na mwenyewe, na isiyo na mwenyewe haina wa kuisahihisha. Mimi ningefurahi kusikia: «Wimbo huu ni wa Walendu, wa mavuno, mama fulani ndiye alitufundisha, na anayeupiga ngoma leo ni kijana Muhema.» Ama kinyume chake. Hapo ndipo amani inaonekana bila kitambaa cha maandishi. Ni sharti moja tu: aliyejifunza ngoma ya jirani aende kwa jirani mwenyewe, asiige kwenye video kwa kuchekesha. Kuiga bila kufundishwa kunafanana na matusi, na kwetu matusi yamekwisha kugharimu mingi.

Tano: kwa waamuzi na wanaotayarisha

Ninaomba mambo manne.

Moja: alama ya sare iwe ndogo, na ipimwe kwa usafi na ukweli, siyo kwa upya wa kikwembe. Sare mpya inaonyesha nani ana mfadhili. Haionyeshi nani anajua kucheza.

Mbili: watu wakivutwa kuingia, iwe faida. Wekeni dakika mbili za mwisho ambazo duara inafunguliwa kwa wote.

Tatu: kati ya waamuzi wawemo wazee wawili wanaojua lugha ya wimbo. Nimeona mwamuzi akitoa alama za «ujumbe» kwa wimbo ambao hakuelewa hata neno.

Nne: mikro iwekwe mbele ya mwimbaji, siyo mbele ya ngoma. Ngoma inajitosha. Siku ile sauti ya yule mama ilimezwa na bafle, na nadhani waamuzi hawakumsikia kabisa. Labda ndiyo sababu ya nafasi ya nane, na mimi niliwalaumu bure.

Wengine watanijibu: «Mzee, watu wanalala chini ya mashiti, wewe unaongea njuga?» Ni neno la haki, nami nimejiuliza mara nyingi. Lakini mtoto aliyezaliwa kwenye kampi mwaka 2018 hajaona mavuno ya kijiji chake, wala ndoa iliyochezwa usiku mzima. Dakika saba za mashindano ndizo darasa lake pekee. Akijifunza pale kwamba ngoma ni kikwembe kipya na kugeuka kushoto, atakaporudi nyumbani hatakuwa na kitu cha kuweka katikati ya uwanja.

Kisha mashindano nilimfuata yule mama. Nilimpa pole kwa nafasi ya nane. Akacheka. «Papa, sisi tulikuja kucheza. Tulikuwa hatujacheza tangu tulikimbia.» Kisha akaniomba kitu kimoja: kama ninajua mtu mwenye ngozi ya mbuzi. Nilimtafutia. Iliyopatikana ina tundu dogo pembeni, lakini fundi alisema itakaza.